Kubaki nje ya umoja wa forodha: hasara iko kwenye bei

Swali: Darasani tunafundishwa kwamba nchi zikiungana kibiashara, zilizobaki nje hupoteza soko. Lakini China haimo kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki, na bado inatuuzia bidhaa nyingi kuliko jirani yeyote. Je, kubaki nje kunaumiza kweli au ni nadharia ya vitabuni? Na kama kunaumiza, nani anaumia zaidi? (Mwanafunzi wa shahada ya biashara, Morogoro)

Kunaumiza, ndugu yangu, ila mara nyingi maumivu hayapo pale unapoyatafuta. Wewe umetazama mzigo. Umeona makontena ya China yanazidi kushuka Dar es Salaam na Mombasa, ukahitimisha kwamba hakuna aliyeumia. Nakuomba utazame bei. Nchi iliyobaki nje inaweza kuendelea kuuza mzigo uleule, hata kuuongeza, huku kila kilo ikiiletea fedha kidogo kuliko zamani. Hiyo ni hasara kamili, na takwimu za tani hazitakuonyesha.

Tufanye hesabu ya mabati, kwa namba nilizobuni ili iwe nyepesi. Mfanyabiashara wa Kampala ana pa kununua pawili. Muuzaji wa India anamfikishia mzigo kwa dola 100, na kiwanda cha Nairobi kwa dola 112. Ushuru ni asilimia 25 kwa wote wawili, hivyo mzigo wa India unamgharimu 125 na wa Nairobi 140. Ananunua India. Kisha Uganda na Kenya zinaingia kwenye umoja wa forodha, yaani zinafutiana ushuru na kuweka ushuru mmoja wa pamoja kwa wa nje. Ushuru wa bati la Nairobi unafutwa, wa India unabaki palepale. Sasa Nairobi ni 112, India 125. Serikali ya Uganda haijamwongezea Mhindi hata senti ya ushuru, lakini amepoteza mteja.

Wanafunzi wengi huishia hapo, wakasema biashara imehama kutoka kwa muuzaji nafuu kwenda kwa muuzaji ghali, na ndivyo ilivyo. Mchumi Jacob Viner aliliweka wazi jambo hili mwaka 1950 alipotenganisha biashara mpya inayozaliwa na umoja na biashara ya zamani inayochepushwa na umoja. Tatizo ni kwamba mgawanyo huo hufundishwa kana kwamba muuzaji wa nje anakubali tu kuondoka, na bei yake haisogei. Katika biashara halisi, mtu mwenye wateja wa miaka kumi Kampala haondoki kirahisi. Anapiga simu, anauliza: nikushushie mpaka ngapi? Gawanya 112 kwa 1.25 upate jibu. Akishusha mpaka dola 89.60 anakuwa sawa na Nairobi, na akienda chini ya hapo mteja anarudi. Kama gharama yake ni dola 85, atameza hasara hiyo na kuendelea. Ukifungua kitabu cha forodha utaona mabati ya India bado yanaingia Uganda, na utadhani umoja haukumgusa. Kumbe kwenye kila mzigo uliokuwa ukimpa faida ya dola 15, sasa anabaki na zisizofika 5.

Rudia hesabu hiyohiyo kwa ushuru wa asilimia 10. India inafika 110, Nairobi iliyosamehewa ushuru inafika 112. Mhindi anaendelea kuuza bila kushusha chochote. Umoja ni uleule, nchi ni zilezile, kilichobadilika ni urefu wa ukuta wa nje, yaani ushuru wanaotozwa wasio wanachama. Kwa hiyo ukiniuliza kama umoja fulani utawaumiza wa nje, jambo la kwanza nitakalotaka kuona ni jedwali la ushuru wa pamoja. Mkataba wenyewe nitausoma baadaye.

Mambo haya yamepimwa. Argentina, Brazil, Paraguay na Uruguay zilisaini Mkataba wa Asunción mwezi Machi 1991 na kuunda Mercosur, na ushuru wao wa pamoja ukaanza kutumika Januari 1995. Wachumi Won Chang na L. Alan Winters walikwenda kutazama bei ambazo nchi za nje, ikiwemo Marekani, zilikuwa zikiuzia Brazil katika miaka hiyo. Walikuta bei hizo zimeshuka kwa kiasi cha kuonekana, na sehemu kubwa ya kushuka huko ilielezwa na nafuu ya ushuru waliyopewa wauzaji wa ndani ya umoja, hasa Argentina. Kumbuka pia kwamba Brazil wakati ule ilikuwa ikipunguza ushuru hata kwa watu wa nje, na bado wauzaji wa nje walilazimika kushusha bei. Fedha hizo hazikuyeyuka. Zilibaki Brazil, kwa mnunuzi aliyepata kitu kilekile kwa bei ndogo. Ndiyo maana nasema umoja mkubwa unaweza kutajirika kidogo kwa kumkamua aliye nje, hata bila kukusudia.

Neno "mkubwa" hapo lina uzito. Brazil ni soko ambalo muuzaji wa Marekani hataki kulipoteza. Soko letu la Afrika Mashariki, kwa kiwanda cha China chenye wateja dunia nzima, ni dogo. Ukimbana sana atapeleka mzigo kwingine, na bei yake haitasogea sana. Hilo ni jibu la kwanza kuhusu China. La pili ni kwamba sehemu kubwa ya anachotuuzia hakuna jirani anayekitengeneza. Simu, mitambo ya viwandani na vipuri vingi havina mshindani wa ndani wa kupewa nafuu, na mitambo yenyewe imewekwa kwenye kundi la ushuru wa asilimia 0. Ukuta hauwezi kumbagua mtu kama ndani hakuna wa kupendelewa.

Pale ambapo ndani kuna mshindani, Wachina hao hao wamefanya jambo jingine kabisa: wamehamia ndani ya ukuta. Nenda Kajiado nchini Kenya au Chalinze hapa Tanzania uone viwanda vya vigae vilivyojengwa kwa mitaji ya Kichina. Kigae kilichokuwa kinavuka bahari sasa kinachomwa hapa kwa udongo wa hapa, na kinavuka Namanga bila ushuru kikiwa na cheti cha uasili, kinachothibitisha kwamba kimetengenezwa ndani ya jumuiya. Mwenye mtaji hajapoteza. Lakini kibarua aliyekuwa akipakia vigae hivyo kule China amepoteza, na wa Chalinze amepata. Kwa hiyo tenganisha nchi na kampuni kila unapouliza nani kaumia.

Anayeumia zaidi ni yule ambaye soko hilo ndilo tegemeo lake na hana pa kuupeleka mzigo akikataliwa. Mfano nilio nao karibu zaidi ni wa Kenya, na nauleta kwa sababu hapo Kenya ndiyo iliyokuwa nje.

Umoja wa Ulaya ulikuwa umeziruhusu nchi za Afrika Mashariki kuingiza bidhaa bila ushuru wakati mazungumzo ya mkataba wa ubia wa kiuchumi, ule tunaouita EPA, yakiendelea. Tarehe ya mwisho iliwekwa 1 Oktoba 2014. Ilipofika, jumuiya yetu ilikuwa haijamaliza mazungumzo. Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi hazikuguswa, kwa kuwa zimo kwenye orodha ya nchi zenye maendeleo duni, na orodha hiyo inaingiza Ulaya kila kitu bila ushuru isipokuwa silaha. Kenya haimo. Asubuhi ya siku hiyo waridi la Naivasha lilianza kutozwa ushuru, na kwa maua viwango vya miezi ile vilikuwa kati ya asilimia 5 na 8.5.

Mtu asiyejua biashara ya maua ataona asilimia 5 ni kidogo. Tazama ilivyo. Ua linakatwa alfajiri, linaingia chumba cha baridi, usiku linapanda ndege Nairobi, na maua mengi yanauzwa kwenye mnada wa Uholanzi, ambako bei huanzia juu na kushuka mpaka mnunuzi wa kwanza abonyeze kitufe. Mkulima hapangi bei. Hawezi kumwambia mnunuzi, "Mwaka huu niongezee asilimia 5, nimewekewa ushuru," kwa sababu pembeni yake lipo waridi la Ethiopia lisilotozwa kitu, na la Colombia, ambayo ilikuwa na mkataba wake na Ulaya. Hawezi pia kuliweka ghalani asubiri mazungumzo yaishe, kwa kuwa ua lina siku chache tu za uhai. Basi ushuru ule uliingia moja kwa moja kwenye mfuko wa mkulima, na kutoka hapo ukamfikia mfanyakazi wa shambani. Ndege hazikuacha kuruka. Ungetazama tani tu, ungeona jambo dogo. Nafuu ilirudishwa tarehe 25 Desemba mwaka huohuo, baada ya mazungumzo kukamilika mwezi Oktoba. Kenya haikusahau: mwaka 2016 ilisaini mkataba wa jumuiya ilhali Tanzania ikikataa, kisha ikaenda peke yake, ikasaini mkataba wake na Umoja wa Ulaya Desemba 2023, na ukaanza kutumika 1 Julai 2024.

Nadhani hapa hatukuwatendea haki majirani zetu. Tanzania ilikuwa na sababu zake za kuogopa EPA, na baadhi naziunga mkono, hasa hofu ya viwanda vichanga. Lakini sisi tulikuwa tukikataa mkataba ambao kuukosa hakukutugharimu ushuru wowote, na gharama yote ya kuchelewa ikawa ya mwenzetu mmoja. Umoja wa forodha ukishindwa kuona kwamba wanachama wake hawasimami sehemu moja mbele ya soko la nje, huyo anayeachwa peke yake atatafuta mlango wake mwenyewe.

New Zealand ilipitia hayo kwa ukubwa zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 karibu nusu ya mauzo yake yote ya nje yalikwenda Uingereza, na kwa siagi na nyama ya kondoo utegemezi ulikuwa mkubwa kuliko hapo. Uingereza ilipoingia Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya tarehe 1 Januari 1973, mkulima wa New Zealand alijikuta nje ya ukuta wa kilimo ambao haukuwa asilimia fulani ya kukokotoa, bali tozo lililopanda kila bei ya dunia iliposhuka. Kwa ukuta wa namna hiyo hata kushusha bei hakusaidii. Kilichomwokoa ni kwamba wanadiplomasia wake walipigania kipindi cha mpito kabla ya Uingereza kuingia, na makubaliano ya Luxembourg ya mwaka 1971 yakawaachia mgao wa siagi na jibini kwa miaka ya mwanzo. Walitumia muda huo kutafuta wanunuzi Asia na kwingineko, na mwaka 1983 wakaanza mkataba wao wa karibu na Australia. Ilikuwa safari ndefu na wakulima wengi waliumia njiani.

Linganisha na Marekani. Hispania ilipojiunga na jumuiya hiyohiyo mwaka 1986, mahindi na mtama wa Marekani uliokuwa ukiuzwa Hispania ulikumbana na ukuta huohuo. Wamarekani walitishia kuweka ushuru wa kulipiza kisasi kwenye bidhaa za Ulaya, na Januari 1987 wakaondoka na ahadi kwamba Hispania itaagiza kila mwaka tani milioni 2 za mahindi na tani 300,000 za mtama kutoka nje ya jumuiya. Kisheria walikuwa na hoja, maana kifungu cha 24 cha GATT, mkataba wa kimataifa wa ushuru na biashara wa mwaka 1947, kinataka ushuru wa umoja mpya usiwe, kwa jumla, mkubwa kuliko ule uliokuwepo kabla, na aliyepandishiwa ushuru aliokwisha kuahidiwa afidiwe. Lakini hoja ya kisheria ilitembea haraka kwa sababu nyuma yake kulikuwa na soko la kuogopwa. Malawi ikiwa na hoja ileile hainyanyui simu ikapokelewa siku hiyohiyo.

Maneno hayo "kwa jumla" yana mwanya ndani yake, na kwetu yanahusu moja kwa moja. Kabla ya mwaka 2005 kiwango cha juu cha kawaida cha ushuru kilikuwa asilimia 35 Kenya, 25 Tanzania na 15 tu Uganda. Ushuru wa pamoja ukawekwa 0, 10 na 25. Kwa aliyekuwa akiuza Mombasa, ukuta ulishuka. Kwa aliyekuwa akiuza Kampala, ulipanda kwa alama kumi, na wakati huohuo bidhaa za Kenya zikawa zinapunguziwa ushuru mpaka kufikia sifuri mwaka 2010. Ukichukua wastani wa nchi tatu huoni kitu. Ukisimama Kampala na yule muuza mabati wa India unaona kila kitu. Tena jumuiya yetu haikuandikishwa chini ya kifungu cha 24 bali chini ya kanuni legevu zaidi ya mwaka 1979 kwa nchi zinazoendelea, kwa hiyo mtu wa nje ana pa kulalamikia padogo. Na ukuta umeendelea kupanda: tangu 1 Julai 2022 kuna kundi la nne la asilimia 35, kwa bidhaa ambazo viwanda vya ndani vinadai kuzitosheleza.

Wakati mwingine aliye nje ana kitu ambacho mmoja wa walio ndani hawezi kukikosa, na hapo ukuta unatobolewa. Mchele kutoka nje ya jumuiya unatakiwa kutozwa asilimia 75. Kenya imekuwa ikiomba ruhusa ya kutoza mchele asilimia 35, kwa sababu Pakistan ndiyo mnunuzi mkubwa wa chai ya Kenya na haitafurahi kuona mchele wake umefungiwa. Wakulima wa mpunga wa Mwea nchini Kenya wananung'unika, wa Kyela na Mbarali nao wanajiuliza faida ya kuwa ndani iko wapi. Mimi nikiwa Mtanzania natamani asilimia 75 ishikwe. Nikiwa mchumi namuelewa waziri wa Kenya mwenye wakulima wa chai wa Kericho mlangoni.

Kuna ukuta mwingine usioandikwa kwenye jedwali la ushuru: kanuni za uasili wa bidhaa. Mkataba wa biashara huria wa Marekani, Kanada na Mexico, NAFTA, ulipoanza 1 Januari 1994, shati la Mexico liliruhusiwa kuingia Marekani bila ushuru kwa sharti kwamba kuanzia uzi wenyewe liwe limetengenezwa ndani ya nchi hizo tatu. Kwa sharti hilo mwenye kiwanda cha uzi Asia alifungiwa mlango Mexico bila ushuru wa Mexico kuguswa, kwa kuwa mshonaji wa pale alikuwa na kila sababu ya kununua uzi wa Marekani hata ukiwa ghali. Upande wa pili, washonaji wa Karibi, wa Jamaika miongoni mwao, waliokuwa wakishindana na Mexico kwa masharti yanayokaribiana, waliona mwenzao amepata njia ya bure. Si haki kuubebesha mkataba mzigo wote, maana fedha ya Mexico ilianguka vibaya Desemba 1994 na hilo pekee lingetosha kuyafanya mashati yake kuwa rahisi. Ila Marekani yenyewe iliona kuna tatizo, na mwaka 2000 ikazipa nchi za Karibi nafuu zilizokaribia zile za Mexico. Miaka sita ni mingi kwa kiwanda cha kushona. Wengine walikuwa wameshafunga.

Nisikuachie picha ya upande mmoja. Umoja ukifanya kazi vizuri, wa nje nao hufaidika. Tangu himaya moja ya forodha ianze kutumika mwaka 2014, mzigo wa Kampala unaoshukia Mombasa unalipiwa ushuru mara moja na kusafiri bila kufunguliwa na kuandikwa upya kila mpaka, na nafuu hiyo haimuulizi mwenye kontena anatoka wapi. Na wanachama wakipata kipato zaidi, hununua zaidi hata kwa wa nje. Tafiti za miaka ya mwanzo ya jumuiya ya Ulaya zilionyesha kwamba kwenye bidhaa za viwandani biashara mpya iliyozaliwa ilikuwa kubwa kuliko iliyochepushwa. Kwenye kilimo, ambako ukuta ulikuwa mrefu, hali ilikuwa kinyume.

Umeniandikia kwamba unatafuta mada ya utafiti wako wa mwisho. Chukua bidhaa moja inayotengenezwa Kenya na pia India, mabati au sabuni, na utafute thamani na uzito wake kwenye takwimu za forodha, uzigawe upate bei kwa kilo. Fanya hivyo kwa mauzo ya India kwenda Uganda kuanzia mwaka 2000 hadi 2012, kisha kwa mauzo ya India kwenda nchi ambayo ushuru wake haukubadilika kipindi hicho. Usitumie bei ya Uganda peke yake, maana chuma hupanda na kushuka duniani kote kwa sababu zisizotuhusu. Unachotafuta ni tofauti kati ya bei hizo mbili, na kama ilipanuka baada ya mwaka 2005. Na kwa bidhaa ambayo Uganda iliiruhusu iendelee kuingia kwa ushuru mdogo kama malighafi, tofauti hiyo haikutakiwa kupanuka, kwa hiyo iweke nayo kwenye jedwali lako.